Spea Ambayo Sikununua

Waya niliouweka ndani ya mashine ile haukufikia urefu wa kidole changu cha kati. Niliukata kwenye kipande kilichobaki mkobani baada ya kufunga taa kwa jirani, nikamenya ncha zake kwa plaisi, nikaurusha juu ya fyuzi ya joto kutoka mguu mmoja hadi wa pili, nikaufunika kwa tepu nyeusi. Halafu nikamwandikia mwenye gesti risiti: fyuzi mpya ya joto, shilingi 1,800; ufundi, shilingi 700. Fyuzi hiyo mpya sikuinunua. Haikuwepo dukani wala mkobani mwangu. Ilikuwepo kwenye karatasi tu.

Hapa Ndanai habari hii imezunguka nusunusu, na nusu inayozunguka inanipendelea. Watu husema fundi alikosea, shuka zikaungua, basi. Nataka kuitoa nzima. Kukosea kulikuwepo, nitakueleza, lakini huko ndiko kudogo. Yaliyobaki niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, mbele ya watu walioniamini.

Mashine ya kukaushia nguo ni kitu kigeni kidogo kwetu. Msomaji wa Lodwar au Garissa atauliza ya nini, na jua lipo bure. Na aje huku. Kuanzia Kericho kushuka Litein hadi Sotik, saa nane mchana ni saa ya kutazama juu. Asubuhi huwa na jua zuri tu, kisha mawingu hujikusanya baada ya chakula cha mchana, na kabla ya saa kumi kila mwenye nguo kambani anakimbia. Mvua hiyo ndiyo inayotupa chai, kwa hiyo hatuwezi kuitukana. Sisi wa Ndanai tuko chini kidogo ya mashamba makubwa, tuna ng'ombe na mahindi zaidi, na mvua yetu hupumzika. Lakini masika yakikaza huwa hayana mchezo. Masika ya 2024, yale yaliyoleta maafa ya Mai Mahiu mwishoni mwa Aprili, shuka za gesti zilikuwa zikianikwa asubuhi na kuanuliwa jioni zikiwa na maji yaleyale, pamoja na harufu ya uvundo juu yake.

Mwenye gesti ni mwalimu mstaafu, na mpaka leo hakuna anayemwita vinginevyo ila Mwalimu. Alichoka kuwaomba wageni radhi. Akanunua Nairobi mashine kuukuu iliyokuja na kontena kutoka Uingereza, plagi yake ya pini tatu za mraba kama zetu, taima yake ya kuzungusha kwa mkono. Ikaletwa kwa pikapu, imefungwa kwa kamba za katani. Watoto walikuja kuichungulia kwenye kioo cha mlango wakitazama shuka zikipinduka. Aliyekabidhiwa mashine hiyo ni mama aliyekuwa akifulia gesti tangu ilipofunguliwa. Sitamtaja jina. Alijifunza vitufe vyake kwa nusu siku, na mimi, niliyeitwa kuifunga na kutoboa ukuta kwa ajili ya bomba la hewa, niliona kwamba ana mkono wa utaratibu.

Kupotea kwa stima si habari ya kumshangaza Mkenya. Mwaka 2016, tarehe 7 Juni, tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, mto Tana, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili akatoka mzima. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilifika hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hizo huandikwa magazetini. Zetu haziandikwi: tawi la blugamu limelala juu ya nyaya, radi imepiga nguzo, stima imekwenda, imerudi, imekwenda tena kabla hujaweka kiberiti chini. Jioni moja ya masika yale ilifanya hivyohivyo wakati mashine ya Mwalimu ilikuwa katikati ya kazi, imejaa shuka. Iliporudi na kutulia, dramu ilizunguka vizuri, feni ilivuma, lakini hewa iliyotoka ilikuwa baridi. Asubuhi nikapigiwa simu.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana bila hivi huwezi kuona nilichofanya.

Mashine yenyewe si ngumu. Ndani kuna dramu ya bati inayozungushwa na mkanda mwembamba, na mota ileile inayovuta mkanda ndiyo inayozungusha feni. Nyuma kuna koili ndani ya sanduku dogo la bati. Hewa huvutwa, hupita kwenye koili ikapata moto, huingia kwenye dramu kupitia matundu ya nyuma, hubeba maji ya nguo, hupita kwenye chujio linalokamata vumbi la nyuzi, kisha hutoka nje kwa bomba. Koili ya mashine hiyo ni ya wati 2,400. Kwa stima yetu ya volti 240 hizo ni ampea 10, na fyuzi ya 13 iliyo ndani ya plagi huzibeba bila taabu. Ukiipima ikiwa nzima, multimita itakusomea karibu omu 24.

Stima ikikatika ghafla, mota husimama na feni husimama pamoja nayo. Koili haipati umeme tena, lakini imeshakuwa nyekundu, na joto lililomo halina pa kwenda. Muda mfupi tu uliopita hewa ilikuwa ikilichukua; sasa linabaki sandukuni na sanduku linazidi kupata moto. Waliotengeneza mashine walilijua hilo, wakaweka walinzi wawili. Themostati ya kwanza hukaa kwenye njia ya hewa inayotoka. Hukata koili joto likizidi na kuirudisha likishuka, mchana kutwa, bila kumsumbua mtu. Ya pili, hiyo ninayoiita fyuzi ya joto, hukaa juu ya sanduku la koili lenyewe, kwa sababu hewa isipotembea ile ya kwanza haihisi kitu. Hii ya pili haijirudishi. Ikikata, imekata mpaka mtu aje aangalie. Kwenye mashine nyingine ni ya kutupa na kununua mpya. Kwenye nyingine ina kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, unakibonyeza kwa ncha ya kalamu, kinalia tik, kazi imekwisha.

Ya Mwalimu ilikuwa na kitufe.

Sikukiona. Kilikuwa upande wa chini, kimefunikwa na vumbi la nyuzi, nami nilipimia kutoka juu nikiwa nimepiga goti moja. Niliona multimita haisomi kitu kati ya miguu miwili ya ile fyuzi, nikajua imekata, nikadhani ni ya kutupa. Hilo ndilo kosa langu la kutojua. Kama ningeigeuza mashine, nikapiga brashi, nikatazama, ningeiponya kwa kidole na kuchukua pesa ya soda. Mtihani wa gredi wa NITA nilikuwa nimeupita, cheti kiko ukutani kwangu hadi sasa, lakini mtihani huo ulikuwa wa kupitisha nyaya nyumbani na hapakuwa na mashine ya nguo.

Basi nikiwa najua kwamba fyuzi ya joto imekata, na nikijua kazi yake, nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumwambia Mwalimu tuagize nyingine Nairobi, ije na basi hadi Sotik, nikaichukue kwa bodaboda. Ya pili ni waya.

Kulikuwa na arusi wikendi hiyo na vyumba vyote vilikuwa vimewekwa na watu wa bwana arusi. Mwalimu alisimama mlangoni, simu sikioni, akiwaambia watu kwamba kila kitu kiko tayari. Alipomaliza aliniuliza, kwa upole kabisa, "Fundi, hata wewe imekushinda?" Ningependa kusema ni karo ya watoto iliyonisukuma. Karo ilikuwa imelipwa. Ni lile swali. Kuna aibu fulani ya fundi wa kijijini anayejulikana kwa kutoshindwa, na mimi niliilea aibu hiyo mpaka ikawa kubwa kuliko mimi. Nikasema, "Hapana Mwalimu, spea ninayo." Na baada ya kusema ninayo, ikabidi niiuze.

Kuunga kitu moja kwa moja si jambo geni kwa mafundi wa huku. Swichi ya taa imekufa usiku, unaunga, kesho unaleta nyingine. Hiyo husameheka, kwa sababu swichi ni ya kuwasha na kuzima. Fyuzi ya joto haiwashi wala haizimi. Imewekwa pale kwa ajili ya siku moja mbaya. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye idara ya ukaushaji katika kiwanda cha chai. Huko majani yaliyokwisha kukatwa na kuchachuka hupitishwa kwenye hewa ya moto kwa kama dakika ishirini tu, yanaingia yakiwa na unyevu tele na kutoka yakiwa na asilimia kama tatu, na joto lenyewe hutokana na boila inayokula kuni za blugamu. Alikuwa akituhadithia jinsi stima inavyopotea usiku kiwandani na watu wanavyokimbia: huyu jenereta, huyu milango ya boila, huyu majani yaliyokwama ndani ya draya yasishike moto. "Stima unaweza kuizima," alikuwa akisema, "lakini kuni zimeshawaka, utaziambia nini?" Kwa hiyo mtu asije akasema sikufundishwa.

Arusi ikapita vizuri. Shuka zilikuwa kavu na zinanukia. Mwalimu alinisifu mbele ya watu kwenye kibanda cha chai, nami nikakunywa chai yangu. Siku za kwanza nilikuwa nikipita gesti natega sikio, nikisikia dramu inazunguka napumua. Baadaye nikaacha kutega sikio.

Kisha stima ikapotea tena, saa ya magharibi, na iliporudi haikurudi nzima. Anayeishi mwisho wa laini anaijua hali hiyo: balbu ina rangi ya chungwa, televisheni inakataa kuwaka, friji inanguruma bila kuanza. Sikuwepo kupima, lakini tuseme ilikuwa volti 160. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka haishuki sawasawa na volti, hushuka kwa mraba wake. Kwa volti 160 inabaki chini ya nusu. Dramu yenye shuka mbichi haiwezi kung'olewa na nusu hiyo. Mota ilinguruma pale pale. Taima ilikuwa ya mkono, imebaki ilipokuwa, kwa hiyo mashine ilijiwasha yenyewe stima iliporejea, bila mtu karibu. Na koili haijali kuanza wala kuzunguka. Koili ilipata zaidi ya wati elfu moja, na hapakuwa na feni ya kuzichukua: ni pasi iliyoachwa kifudifudi ndani ya sanduku la bati. Themostati ya kwanza ilikuwa huko mbele kwenye njia ya hewa, haihisi lolote. Ya pili ilikuwa imerukwa na waya wangu.

Mama alikuwa jikoni akisonga ugali wa wageni. Alisikia harufu, akadhani ni sufuria, akageuza mwiko, akaisikia tena. Alipofungua chumba cha kufulia moshi ulikuwa umejaa mpaka usawa wa kifua. Hakupiga kelele. Aliingia akiwa ameinama, akashika plagi kwa aproni, akaing'oa, akafungua dirisha, akasimama nje na ndoo ya maji ya mvua mkononi mpaka moshi ukapungua. Hakumwaga maji ovyo juu ya stima. Hayo yote nilihadithiwa kesho yake, na hata wakati ule nilifikiri: huyu alitenda kama mtu aliyefunzwa.

Shuka iliyokuwa nyuma kabisa ilitolewa na kutandazwa uani ili Mwalimu aione. Sijaisahau. Ilikuwa nyeupe, na juu yake kulikuwa na nukta za kahawia zilizopangika kwa duara, moja moja, safi kama zimepigwa muhuri. Ni matundu ya nyuma ya dramu, yamejichora kwa moto. Katikati ya duara kitambaa kilikuwa kimekuwa chepesi, ukikigusa kinavunjika.

Mwalimu akauliza, "Fundi, imekuwaje?"

Nilivuta mashine kutoka ukutani, nikafungua bati la nyuma huku mgongo wangu ukiwazuia wasione. Tepu ilikuwa imeyeyuka, ngozi ya waya imekuwa nyeusi na kushikana. Niliung'oa, nikautia mfukoni. Nikapiga brashi kwenye vumbi la nyuzi lililoungua, na hapo ndipo nilipokiona kitufe. Nilikibonyeza. Tik. Multimita ikalia. Mashine ilikuwa nzima, na ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Ningeweza kusema pale. Walikuwa watu watatu tu uani, na hakuna aliyekuwa amekasirika bado; walikuwa wameshtuka tu. Badala yake nilijifuta mikono, nikasema, "Mwalimu, mashine ilijazwa kupita kiasi. Na hilo chujio, sijui kama huwa linasafishwa."

Mwalimu alimtazama mama. Mama akasema, "Mimi husafisha kila mara." Hakuna aliyemjibu. Nami nikamtazama vilevile, kama mtaalamu anayemhurumia mtu asiyejua mitambo. Nikachukua shilingi 500 za ukaguzi.

Mama alikatwa pesa za shuka kwenye mshahara wake, shilingi 3,200. Mwezi ulipokwisha hakurudi. Ilisemwa ni mzembe, na maneno ya namna hiyo yakishasemwa hapa kijijini, hakuna nyumba inayokuita kufua. Akaanza kuuza mboga kando ya barabara.

Hukumu yangu ilikuja kwa njia ambayo singeweza kuifikiria. Nilikwenda kufunga balbu katika ploti moja ya kupanga, kumbe ni kwake. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala mkekani juu ya kimto cha rangi ya kijivu, laini ajabu. Kwa mazungumzo tu nikamuuliza mama kimejazwa nini. "Ni ile pamba ya mashine," akasema. "Kila nikisafisha chujio nilikuwa naiweka kwenye mfuko. Sikutaka kuitupa, ni laini." Alikuwa akimenya vitunguu, hakuinua macho, wala hakuwa akinisema. Nilikitazama kile kimto. Chujio moja likisafishwa hutoa utando mwembamba kama wa buibui. Ili kujaza kimto cha namna ile lazima uwe umelisafisha kila mara, bila kuruka, toka siku ile mashine iliposhushwa kwenye pikapu. (Mwingine asimfuate lakini: vumbi hilo hushika moto upesi.)

Na bado sikusema. Nilifunga balbu, nikachukua pesa yangu, nikaondoka. Jioni nikala, nikalala, tena nikalala vizuri. Naliandika hili kwa sababu watu hupenda kuamini kwamba mwenye hatia hakosi kukosa usingizi.

Nilikwenda kwa mjomba siku nyingine kabisa, kwa shughuli ya ng'ombe, na hadithi ikanitoka katikati ya mambo ya maziwa. Nilitarajia anigombeze. Alinyamaza, kisha akauliza, "Huo waya uko wapi?" Ulikuwa bado kwenye mkoba wangu, chini ya bisibisi, sikujua kwa nini sikuutupa. Akasema, "Nenda nao. Usiende na maneno peke yake."

Mwalimu alinipokea sebuleni, akaagiza chai. Niliweka waya juu ya meza. Nilieleza toka kwenye swali lake la arusi hadi kwenye kitufe. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliinuka, akarudi na faili, maana yeye ni mtu wa kutunza karatasi, akatoa risiti zangu na kuzipanga kwa tarehe. Akapiga hesabu kwa kalamu pembeni ya karatasi kama anasahihisha: 1,800, na 700, na 500. "Hizi ni elfu tatu zangu. Na zile 3,200 ni za mama, utampelekea wewe mwenyewe kwa mkono, usitume kwa simu." Nilidhani amemaliza. Akaongeza, "Mimi nami nilimhukumu bila kumsikiliza. Lakini hilo ni langu, nitalipeleka mwenyewe. Wewe peleka lako." Chai sikuinywa, wala hakunihimiza.

Nilimkuta mama akifunga mboga jioni. Nilimwamkia, nikamwambia nina neno, akaniambia niseme hapo hapo, ana haraka. Nikasema. Alisikiliza akipangusa mikono kwenye leso.

"Siku ile ulipokuwa unaniangalia pale uani," akauliza, "waya ulikuwa mfukoni?"

"Ndiyo, mama."

"Mfuko gani?"

Nikamwonyesha, wa kulia wa nyuma. Alitazama hapo kwa muda, kama bado uko. Kisha akapokea pesa, akazihesabu, akazifunga kwenye ncha ya leso. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Mwalimu alimwita arudi kazini kwa nyongeza; mama alimshukuru, akakataa. Mboga, alisema, hazimwoni mzembe.

Tangu hapo nimesoma sana habari za mashine hizi, kwa simu, usiku. Agosti 2016, huko London, moto ulizuka katika jengo la ghorofa 18 linaloitwa Shepherd's Court, na kikosi cha zimamoto kikathibitisha kwamba ulianzia kwenye mashine ya kukaushia nguo iliyokuwa na hitilafu katika fleti moja. Huko kuna magari ya zimamoto yanayofika kwa dakika. Sisi tulikuwa na ndoo ya maji ya mvua na mwanamke mwenye akili.

Kwa hiyo wewe mwenye gesti, hospitali ndogo au saluni uliyenunua mashine ya namna hii, fanya ambalo mimi sikufanya. Stima ikipotea mashine ikiwa kazini, usingoje irudi. Chomoa plagi kwanza, hasa kama taima ni ya kuzungusha, kwa sababu hiyo haisahau ilipoachwa. Fungua mlango, toa nguo hata kama hazijakauka. Nguo za moto zilizorundikwa pamoja huendelea kujipasha. Stima ikirudi, washa balbu kabla ya mashine, uitazame: ikiwa na rangi ya chungwa, acha, nenda ukanywe chai. Ikitulia, safisha chujio, hakikisha bomba la nje halijazibwa na kiota au matope, ndipo uchomeke. Mashine za vitufe vya kielektroniki nyingi hazijiwashi. Zinangoja uzibonyeze upya, na zikionyesha taa za ajabu ziache bila stima kwa muda kisha ujaribu tena. Dramu ikizunguka lakini hewa ni baridi, iache ipoe kabisa, kisha mwambie fundi atafute kitufe cha fyuzi ya joto kabla hajataja bei. Kikibonyezwa na kukata tena wakati stima haikupotea, basi kuna jambo jingine, hewa imezibwa au themostati ya kwanza imekufa, na kubonyeza mara kwa mara ni namna nyingine ya kuweka waya. Na fundi akikuuzia spea, dai ile kuukuu uishike mkononi. Hilo la mwisho limenipunguzia wateja, wengine ni wenzangu wa kazi hawaniamkii tena, lakini nalirudia.

Mwalimu sasa huita fundi kutoka Bomet. Mashine yake inafanya kazi, na bati lake la nyuma lina alama ya kalamu nyekundu inayoonyesha kitufe kilipo, kwa mwandiko wa ubaoni.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu. Pasi yake ilikuwa haipati moto. Nilikwenda. Kebo ilikuwa imekatikia ndani karibu na shingo. Alisimama begani kwangu tangu skrubu ya kwanza hadi ya mwisho, akauliza kila kipande kinaitwaje, akachukua kebo kuukuu akaiweka kando, akataka kuona risiti ya duka la kebo mpya kabla ya kutoa hela. Nilimpa. Akaisoma mbele na nyuma, akanilipa ufundi, akachomeka pasi na kuigusa kwa kidole chenye mate. Ilikuwa inapata moto.